Skili za AI kwa kazi ya prodakti: maswali naulizwa kila mara

Mimi ni PM (product manager, msimamizi wa prodakti) hapa Nairobi, apu yetu inasaidia wenye maduka ya mtaa kuagiza unga, sukari, sabuni na mafuta bila kufunga duka waende kwa maduka ya jumla Nyamakima. Nimekuwa nikitengeneza skili za msaidizi wa AI kwa hiyo kazi, nyingi zikaharibika, chache zikakubali. Wenzangu wa kazi hii wananiuliza maswali yaleyale, wengine kwa WhatsApp usiku, wengine tukiwa kwa kibanda tunangoja chapo dondo, kwa hivyo nimeyaweka pahali pamoja. Majibu ni yangu, si ya kampuni.

Skili ni nini? Si ni prompti tu, ila ndefu?

Karibu, lakini hapana. Prompti, yaani yale maagizo unamwandikia msaidizi, unaandika leo, kesho unaandika tena, kesho kutwa umesahau ile sentensi moja iliyofanya mambo yakubali. Skili ni folda. Ndani kuna faili inaitwa SKILL.md, juu kabisa kuna jina na maelezo mafupi ya kazi yake, chini yake maagizo, na kando unaweza kuweka templeti, mifano, ata skripti (programu fupi) ya kupiga hesabu. Anthropic walitoa huu mpangilio kwa Claude, msaidizi wao wa AI, Oktoba 2025, na Desemba wakauachilia kama kiwango wazi, yaani wasaidizi wengine pia wanaweza kuusoma.

Ujanja wake ni kwamba msaidizi hasomi kila kitu mara moja. Anaanza na majina na maelezo tu ya skili zote ulizo nazo, akiona kazi uliyompa inaingiana na moja ndio anaifungua, na zile faili za kando anazigusa akizihitaji.

Mimi huiona kama ile karatasi mwenye duka anaachia mtu wa kumshikia duka akienda matanga. Hamwandikii venye chenji hurudishwa, hiyo anajua. Anamwandikia ati baba wa nyumba ya kijani asikopeshwe tena, mkate unakuja saa kumi na moja asubuhi na uhesabiwe kabla ya gari kuondoka, na ile friji ukifunga kwa nguvu inazima. Skili nzuri ni hiyo karatasi. Nitairudia mara kadhaa huku chini, mnivumilie.

Nimeandika skili safi kabisa lakini msaidizi hata haigusi. Kwa nini?

Maelezo yako ya juu ni mabaya. Mara tisa kwa kumi ni hiyo tu, na watu hupoteza wikendi nzima wakirekebisha maagizo ya ndani ambayo hayajawahi kusomwa ata siku moja.

Ukiandika "Inasaidia kwa mambo ya prodakti" hujasema kitu. Andika inafanya nini na itumike lini, kwa maneno ambayo watu wa timu yako huandika wakiomba hiyo kazi. Hakuna mtu kwetu huandika "changanua maoni ya wateja kwa mada". Wanaandika "nipangie hizi malalamiko za wiki", "kastoma kea wametuma nini", "hii ekseli ya komplenti". Hayo ndio maneno yanatakiwa kuwa hapo juu. Uko na nafasi ya herufi 1024, si lazima uzimalize, lakini usiandike sentensi moja kavu kama umetozwa kwa kila neno.

Kuna ugonjwa wa upande ule mwingine pia, skili inayojiita kila pahali. Yangu ya kupanga noti za mkutano ilikuwa inaruka ata nikiomba barua ya likizo, nikapata barua iko na sehemu ya "maamuzi" na "nani atafanya nini". Niliongeza mstari mmoja kwamba isitumike kwa barua na barua pepe, ikatulia.

Nianze na skili gani?

Kazi unayorudia kila wiki na unaichukia. Si "mkakati wa prodakti", si "maono ya miaka mitatu". Hizo ukimpa msaidizi atakuandikia kitu kinang'aa na hakuna mtu atajua kama ni sawa ama si sawa, na kitu huwezi kujua kama ni kibaya huwezi kukiboresha. Mimi nilianza na kupanga malalamiko ya wateja, juu Jumatatu ilikuwa inaishia hapo.

Niandike kila kitu ninachojua kuhusu kazi ya PM?

Hapana bana. Anajua PRD (hati ya mahitaji ya prodakti) ni nini. Anajua stori ya mtumiaji, ile sentensi ya mtumiaji anataka nini na kwa nini, ni nini, na akiamua kukufundisha utachoka. Ukimwandikia kurasa nne za mambo anayoyajua unamfunika yale machache ambayo hayajui. Ushauri wa Anthropic wenyewe ni SKILL.md isipite mistari 500, na mimi nikiona yangu imefika 150 naanza kushuku.

Andika vitu vya duka lako. Kwetu mfano: kati ya namba zetu za kulipia M-Pesa, paybill ni ya madeni ya mkopo na till ni ya oda, kwa hivyo mteja akisema amelipa, jambo la kwanza ni alilipia wapi. Wateja wengi wako kwa simu za bei ya chini na apu inafunguliwa kwa bando ya siku moja, kwa hivyo wazo lolote la video ndani ya apu halifiki mbali. Kuna wengine wako kwa kabambe na wanaagiza kwa USSD (zile menyu za nyota na reli), huko skrini ni maandishi machache tu na mtu akikawia inajifunga. Hakuna mfumo wa AI ulizaliwa ukijua hizo.

Na eleza sababu. Nilikuwa naandika kwa herufi kubwa KAMWE USIFANYE HIVI, KAMWE USIFANYE VILE, kama mwalimu wa zamu. Nikabadilisha moja: badala ya "kamwe usiunganishe malalamiko ya malipo na ya delivari" nikaandika "usiyaunganishe, juu malipo yanashughulikiwa na timu ya fedha siku hiyohiyo na delivari inangoja asubuhi, ukiyachanganya mtu analala bila pesa zake". Ikaanza kutenganisha ata vitu sikuwa nimevitaja, kama kurudishiwa pesa za kreti. Ukimpa sababu anaweza kujitafutia njia kwa jambo jipya, amri tupu inaisha pale ulipoiandika.

Wateja wetu wanachanganya Kiswahili, Sheng na Kingereza kwa sentensi moja. Msaidizi ataelewa?

Ataelewa maneno. Maana ndio kazi, na hapa ndio nimetumia muda mwingi kuliko pahali pengine popote.

Chukua neno "imekataa". Mteja anaandika "apu yenu imekataa". Msaidizi wangu mwanzoni alikuwa anaweka zote kwa kikapu kimoja, "hitilafu ya apu", na ripoti ikaonyesha apu yetu inaanguka kila saa, mainjinia wakakasirika na walikuwa na haki. "Imekataa" inaweza kuwa hakuna mtandao, PIN si sahihi, salio halitoshi, ile meseji ya STK ya kuomba PIN ya M-Pesa haikutokea kwa simu, ilitokea lakini mtu alikuwa anahudumia mteja ikaisha muda, ama enyewe apu imeanguka. Sasa kwa skili kuna faili ya kando inaitwa maneno.md, na kwa "imekataa" nimeandika: usiamue, angalia sentensi za karibu, kama hazisemi basi weka kwa kikundi cha "haijulikani" na utoe swali moja la kumuuliza mteja. Hicho kikundi cha "haijulikani" watu walikicheka. Kumbe ndicho kilikuwa na kazi kubwa zaidi, juu kilituonyesha kastoma kea hawakuwa wanauliza swali la pili.

"Nimekatwa" ni ingine. Mtu akisema amekatwa, inaweza kuwa ada yetu, inaweza kuwa ya kutuma, inaweza kuwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio likipungua. Tangu Fuliza ianze 2019, mtu akiwa na deni lake pesa ikiingia kwa M-Pesa inakatwa hapo hapo, kwa hivyo tukimrudishia mteja shilingi 800 anaona 300 na anatuandikia sisi ni wezi.

Alafu saa. Mteja aliandika "jana saa mbili usiku nimelipa na oda haijaingia". Msaidizi akaweka kwa tiketi 02:00. Injinia akachimba rekodi za seva za saa nane usiku, hakuna kitu, akafunga tiketi ati tatizo halikupatikana. Zikafungwa kadhaa hivyo kabla nishtuke, na zote zilikuwa za 20:00, ule wakati wenye maduka wanafunga hesabu na wote wanalipa kwa mpigo. Sikuwa na mtu wa kulaumu, skili ilikuwa yangu na mimi ndio nimekua nikisema saa mbili ni saa mbili. Sasa iko hivi: saa ikitajwa kwa maneno ya Kiswahili, igeuze kwa mfumo wa saa 24 na uandike pia maneno ya mteja venye alivyoyasema, ikiwa ni tarakimu tupu kama "2:00" usibahatishe, tafuta meseji ya M-Pesa kama ameiweka, juu hiyo iko na saa yake na AM au PM.

Ushauri wangu, kaa na mtu wa kastoma kea nusu siku, siyo kwa simu, kaa naye. Wanajua tafsiri hizi zote na hakuna mtu amewahi kuziandika.

Skili yenyewe niandike kwa Kiswahili ama Kingereza?

Lugha ambayo timu yako itaweza kuisoma na kuirekebisha. Yangu maagizo ni Kingereza, mifano yote ni ya wateja venye waliandika. Usitafsiri mifano, ukitafsiri umetoa dawa ukabaki na chupa.

Najuaje imeboreka kweli ama ni mimi tu najiskia vizuri?

Hili ndio swali ningependa liulizwe kwanza na huwa linaulizwa mwisho.

Weka kazi za majaribio. Mimi niko na 12, zote za kweli kutoka kwa wiki zilizopita, nimetoa majina na namba: tatu rahisi, sita za kawaida, tatu za kuumiza kichwa, kama ile ya mteja aliyeandika malalamiko manne kwa sentensi moja bila nukta. Kwa kila moja nimeandika jibu zuri lingekuwa na nini, si jibu lenyewe neno kwa neno. Nikibadilisha kitu kwa skili nazipitisha zote 12. Kila moja mazungumzo mapya, hiyo usisahau, juu ukijaribu kwa mazungumzo yaleyale umemrekebisha asubuhi nzima, atafanya vizuri kwa sababu amekusikia, si kwa sababu ya skili, na kesho mwenzako akifungua upya anapata uchafu.

Pitisha pia bila skili kabisa. Wengi hawafanyi hii juu inauma. Nilikuwa na skili ya kuandika stori za watumiaji, nimeijenga wiki mbili, nikachukua majibu ya nayo na ya bila, nikaondoa alama zote za kuonyesha ni ipi, nikampa mwenzangu achague. Alichagua ya bila skili mara nyingi zaidi. Akasema zile zingine "zinaongea kama fomu".

Na kila kazi ipitishe zaidi ya mara moja, mimi hufanya tatu, juu hawa wasaidizi hawatoi jibu lilelile kila siku, unaweza kusherehekea bahati. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha maelezo, mifano na mpangilio siku moja alafu ikaharibika, uko gizani.

Si nimwambie AI yenyewe ijirekebishie skili?

Unaweza, na inasaidia, lakini simama karibu. Tabia yake ni kuongeza. Ukimwonyesha kosa moja anaongeza sheria moja, makosa 20 sheria 20, na baada ya mwezi faili imejaa viraka kama barabara ya mtaa baada ya mvua, nusu ya sheria zinapigana na nusu ingine. Mimi mwisho wa kazi huuliza hivi: "Leo nimekurekebisha wapi, na kwa nini unafikiri nilirekebisha?" Anatoa orodha. Mambo mengi kwa hiyo orodha ni ya siku hiyo tu, moja ama mbili ndio zinafaa kuingia, na hizo naziandika mimi kwa mkono wangu, na kabla niongeze mstari natafuta mwingine wa kutoa.

Nimemwambia apange kazi kwa RICE, anatoa namba nzuri sana. Niziamini?

Zimetoka wapi? Muulize. Atakuambia ni makadirio.

Kwa asiyejua, RICE ilitoka Intercom: unachukua idadi ya watu utakaowafikia, unazidisha na uzito wa athari, unazidisha na uhakika wako, unagawanya kwa kazi itakayotumika. Athari inapewa 3, 2, 1, 0.5 ama 0.25, na uhakika asilimia 100, 80 ama 50. Sema jambo la kwanza linafikia maduka 4000 kwa robo mwaka, athari 1, uhakika asilimia 80, kazi ya miezi miwili ya mtu mmoja: unapata 1600. La pili maduka 900, athari 3, uhakika asilimia 80, mwezi mmoja: 2160. La pili limeshinda. Sasa shusha uhakika wake mpaka asilimia 50, ni 1350, limeshindwa. Yaani mpango wa robo nzima umegeuka kwa namba moja ambayo ni maoni ya mtu, na msaidizi akiijaza mwenyewe hakuna mtu kwa mkutano atajua ni maoni ya nani.

Kwa hivyo skili yangu inasema: watu na kazi, usijaze. Acha wazi, andika nani aulizwe. Uhakika ukipita asilimia 50 lazima kuwe na kitu cha kuonyesha, mazungumzo na wateja ama data ya apu, na kiandikwe kando. Hesabu zinapigwa na skripti iliyo ndani ya folda, si kwa kichwa cha msaidizi. Jedwali linatoka na mashimo mengi na linaonekana baya. Lakini mashimo ndio ajenda ya mkutano wetu sasa.

PRD zinatoka ndefu na hakuna mtu anasoma.

Mpe mfano mmoja mzuri wa kwenu, wenye mainjinia walisema "hii tumeelewa", na mmoja mbaya ukiwa na maelezo ya kwa nini ulikataliwa. Mfano unafundisha kuliko maagizo kumi ya "kuwa mfupi". Alafu lazimisha sehemu ya "hatutafanya", kwetu hiyo ndio huandikwa kwanza.

Data za wateja je?

Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019 na Kamishna wa Data hachezi. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 ama asilimia moja ya mapato ya mwaka uliopita, ile iliyo ndogo. Meseji moja tu ya M-Pesa inaweza kuwa na jina, namba ya simu, kiasi na namba ya muamala. Mifano iliyo ndani ya skili itasambazwa kwa timu nzima na itakaa hapo miaka, kwa hivyo safisha kabla ya kuiweka, si baadaye. Tengeneza namba za uongo, weka "Mteja A". Na uulize watu wenu wa sheria akaunti mnayotumia iko na masharti gani kuhusu data kupelekwa nje ya nchi, hilo mimi siwezi kukujibia.

Kitu kingine hapo hapo: skili za bure za kupakua. Zinaweza kuwa na skripti ndani, na skripti inaendeshwa kwa mashine yako. Soma yote kabla, kama huelewi mpe injinia asome. Ungeokota sambusa kwa kiti cha matatu ukaila?

Timu nzima itumie moja ama kila mtu yake?

Moja, iko na mwenyewe mmoja, kwa Git (mfumo unaoweka historia ya kila badiliko) ama folda ya pamoja, na kila badiliko na sentensi ya sababu. Sisi tulifika pahali kuna skili nne za PRD, moja ikiitwa "prd-ya-mwisho-2", na tulikuwa PM watatu.

Lini niitupe skili?

Kila modeli mpya ya AI ikitoka pitisha yale majaribio tena, na bila skili pia. Kuna mambo ulikuwa unamwelekeza ambayo sasa anayafanya mwenyewe, na maelekezo yako ya zamani yanamrudisha nyuma. Ile ya maneno.md naona itakaa, inaongezeka kila mwezi, juzi tumeongeza "imebounsi", ambayo kumbe kwa wateja wa Kayole inamaanisha delivari haikufika na kwa wale wa Eastleigh ni malipo yamerudi. Ya noti za mkutano niliitupa Ijumaa moja bila kuambia mtu. Mpaka leo hakuna aliyeuliza iko wapi.